Bia Ndani ya Kikapu cha Nyumbani: Ni Haki ya Nani?



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalifanya lakini ni wachache wanaolijadili: yale mnayokula na kununua siku ya kwenda supamaketi. Mshahara umeingia. Bwana na bibi kutoka Likoni, Kisauni au Changamwe wanasukuma troli moja. Ndani yake wanaweka unga, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni, na maziwa ya watoto. Kisha, kabla ya kufika kwa keshia, bwana anapotea kidogo. Anarudi na bia sita, anaziweka juu ya unga. Bibi anazitazama, hasemi neno. Bwana naye ameona kwamba bibi hakusema neno, na moyoni mwake ameuhesabu ukimya huo kuwa ni ruhusa.

Je, ni ruhusa? Hilo ndilo swali letu leo.

Swali ambalo si letu

Kwanza tuliweke kando swali jingine, maana mara nyingi ndilo huharibu mazungumzo haya. Hatuulizi kama bia ni dhambi. Kanisa Katoliki halijafundisha hivyo. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, na divai ilipokwisha hakuwaambia wageni waende nyumbani. Mitungi ile ilikuwa sita, na kila mmoja ulichukua kadiri ya lita mia moja. Wenzetu wa chama cha Pioneer, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898 na Padre James Cullen na ambacho kina wanachama katika parokia zetu za Kenya, huacha kabisa pombe kama sadaka na sala kwa ajili ya walevi. Wanachokitoa sadaka ni kitu chenye ladha; kama kingekuwa kiovu kingekuwa cha kukimbia tu, si cha kutolea Mungu.

Hata hivyo tusijidanganye. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2290, inataja chakula, pombe na tumbaku pamoja, na kusema kwamba fadhila ya kiasi hutukinga na kupita kipimo katika vyote hivyo. Tena Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa ni salama kwa afya. Mkristo mwenye busara huyapima hayo. Lakini hata mtu anayekunywa kwa kiasi, asiyelewa wala kupigana, bado anaweza kumkosea haki mwenzake. Kosa lenyewe haliko ndani ya chupa. Liko katika namna chupa ilivyoingia kikapuni.

Dukani kwa jirani ulitaja kwa sauti

Wengi wenu mlilelewa na duka la mtaa. Pale Magongo au Mtongwe, mwenye duka alisimama nyuma ya kaunta na vitu vyote vilikuwa nyuma yake. Ulitaka kitu, ulikitaja: nusu kilo ya sukari, kibiriti, mafuta ya taa. Aliyesimama nyuma yako alisikia. Kama ulikopa, mwenye duka aliandika daftarini, na mke wako alipokwenda kesho yake aliweza kuonyeshwa deni. Aibu ilikuwepo, lakini na ukweli ulikuwepo pia.

Supamaketi imeondoa kutaja. Unaingia, unanyoosha mkono, unaweka. Hata chombo chenyewe kilibuniwa ili mkono usichoke: troli ya kwanza ilitengenezwa Oklahoma, Marekani, mwaka 1937 na mwenye maduka aitwaye Sylvan Goldman, kwa kuwa aliona wateja wake waliacha kununua kikapu kilipokuwa kizito. Hakukosea kibiashara. Lakini fikirini maana yake kwetu: uzito wa kikapu ulikuwa unatuuliza, “Je, hiki nacho unakihitaji?” Sasa haupo. Mwenye duka naye hakuulizi. Keshia anapitisha tu kila kitu.

Basi amebaki mmoja tu wa kukuuliza, naye ni mwenzako anayesukuma troli pamoja nawe. Akinyamaza yeye, umebaki peke yako na tamaa yako.

Ukimya si ndiyo

Hebu kumbukeni siku ya arusi yenu. Padre hakuwatazama usoni na kubahatisha kwamba mmekubaliana. Aliwauliza, nanyi mkajibu kwa sauti mbele ya mashahidi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1104, inataka wanaooana watamke kukubali kwao kwa maneno. Asiyeweza kusema, atumie ishara zenye maana hiyohiyo. Na kanuni inayotangulia inasema kwamba ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa si halali.

Kama Kanisa halikubali ukimya kuwa “ndiyo” siku ile ya kwanza, kwa nini tuukubali katika siku zote zinazofuata? Simaanishi kwamba kila sabuni ijadiliwe kama katiba. Kuna mambo ambayo wawili wameyazoea, na ukimya wao ni wa amani. Lakini kuna ukimya wa aina nyingine. Bibi ananyamaza kwa sababu mara ya mwisho aliposema alijibiwa kwa ukali mbele ya watu. Ananyamaza kwa sababu yeye hana mshahara, na amekwisha kuambiwa, “Hizi ni pesa zangu.” Ukimya huo ni woga uliofunga mdomo. Bwana anayeutumia kama ruhusa amechukua kitu ambacho hakupewa.

Utaujuaje ukimya wa amani na ule wa woga? Jiulize hivi: kama mwenzangu angesema, “Leo tusichukue,” je, ningerudisha chupa rafuni bila kununa hadi Jumapili? Kama jibu ni hapana, basi hujawahi kupewa ruhusa, maana ruhusa ambayo haiwezi kukataliwa si ruhusa.

“Lakini ni jasho langu”

Ndugu msomaji, najua jibu lililo mdomoni mwako. Umefanya zamu ya usiku bandarini, au umesimama siku nzima kwenye mashine ya kushona katika kiwanda cha nguo, au umewapikia wageni hotelini Bamburi. Mgongo unauma. Je, mtu huyu hana haki ya chupa moja?

Ana haki ya kupumzika na kufurahi. Tusimnyime. Lakini pesa si zake peke yake. Hata sheria ya nchi imekwisha kuliona jambo hili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto, na hata ule uenzi wa mke na mume, kuwa ni mchango katika mali ya familia, sawa na pesa. Mama aliyefua, akachota maji, akamvusha mtoto barabara ya Jomo Kenyatta asubuhi kwenda shule, naye jasho lake limo katika noti zile. Kama serikali imeona hivyo, sisi tunaokiri kwamba wawili wamekuwa mwili mmoja tutaonaje pungufu?

Haki hapa ina utaratibu wake: kwanza kinachowalisha wote, ndipo kinachomfurahisha mmoja. Ukitaka kujua kama utaratibu huo unafuatwa nyumbani mwako, angalia kinachopunguzwa bei zinapopanda. Tuseme baba anasema, “Maziwa yamekuwa ghali, mwezi huu tuchukue pakiti mbili badala ya nne.” Hapo ni sawa, maisha ni magumu. Lakini bia zilikuwa sita mwezi uliopita, na mwezi huu ni sita. Mtoto aliyekaa ndani ya troli ameona yote mawili. Hajui hesabu za kodi ya serikali wala mavuno ya mahindi, lakini amejifunza cheo chake katika nyumba ile.

Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu. Tukichukua kwamba chupa moja ni shilingi 250, bia sita kwa wiki ni shilingi 1,500. Kwa majuma 52 ya mwaka ni shilingi 78,000. Wekeni bei ya duka lenu na idadi yenu, mpate jibu lenu. Pengine mtaona kwamba mnaweza. Pengine mtaona karo ya muhula mzima imeketi hapo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hilo haliwakuti wadogo peke yao. Nakumatt, ambalo lilikuwa jina kubwa Mombasa na kote nchini, lilielemewa na madeni hadi wadai wake wakapiga kura mwaka 2020 livunjwe.

“Heri nyumbani kuliko baa”

Wengine watasema, “Mimi siku hizi sikai baa. Nanunua supamaketi, nanywa kwangu, nalala.” Hilo lina uzito. Mtu huyo hatapigana na mlevi mwenzake, hatakuwa amenunulia meza nzima, wala hatavuka feri usiku akiyumbayumba. Mke wake anajua yuko wapi. Tumpongeze kwa hayo.

Lakini baa ina kitu kimoja ambacho nyumba haina: baa hufungwa. Friji ya nyumbani haina saa ya kufunga. Na nyumbani kuna watoto. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wameizoea kwa jina la Mututho, inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Basi baba anayemtuma kijana wake wa miaka kumi na minne dukani akalete bia anamwomba mwuzaji avunje sheria, na anamtumia mwanawe kama chombo cha kuivunja. Na baba anayemwita binti kutoka kwenye vitabu vyake amletee chupa na kifunguo amemgeuza mwanawe kuwa mhudumu wa baa.

Mwezi Julai 2025 serikali ilizindua sera iliyopendekeza umri wa kununua pombe upandishwe hadi miaka 21, na pombe isiuzwe tena katika supamaketi. Sera si sheria, na watu walibishana sana juu yake. Hata hivyo mume na mke wasingoje mabishano hayo yaishe. Serikali ikiondoa rafu ile, mtakuwa mmeondolewa chupa, lakini hamtakuwa mmejifunza kuzungumza. Kesho tamaa itakuja kwa jina jingine.

Anayekula na kupangusa mdomo

Tusiwasahau wale wasiokunywa, maana jambo hili lawahusu pia. Supamaketi nyingi za leo zina sehemu ya vyakula vilivyopikwa: kuku, chipsi, soseji, sambusa za moto. Mtu anatoka kazini na njaa, anapita pale, anakula. Je, ni kosa? Mwenye njaa hakosei kwa kula. Lakini kuna anayekula robo kuku akiwa amesimama, akapangusa mdomo, akatupa risiti, akapanda matatu kwenda Mtopanga, na kufika nyumbani kwenye ugali na mchicha akasema, “Leo sina hamu ya kula.” Mke aliyepika anafikiri amekosea chumvi.

Kuku yule hakugharimu nyingi. Kilichogharimu zaidi ni kule kupangusa mdomo. Mtume Paulo, katika sura ya 11 ya Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, aliwakemea Wakristo waliokusanyika pamoja huku kila mmoja akitangulia kula chakula chake mwenyewe, huyu akibaki na njaa na yule akilewa. Hakuwaambia kwamba chakula ni kibaya. Aliwaambia kwamba walichokuwa wakikila si meza ya Bwana tena. Meza ya nyumbani nayo ni hivyo. Mnaweza kuketi wawili mbele ya sufuria moja, na kumbe mmoja wenu amekwisha kula mahali pengine.

Na akina mama msicheke mapema. Kuna mama anayejitengea pesa za soko la Kongowea, akapitia supamaketi na kula keki na soda na shoga yake, kisha akamwambia bwana kwamba nyanya zimepanda bei. Yeye naye amepangusa mdomo. Kipimo ni kilekile kwa wote wawili.

Jirani anayeona mfuko

Sisi wa bara ya Mombasa tuna jambo jingine la kuwaza. Familia nyingi za Kikatoliki Likoni na Kisauni zimepanga vyumba katika nyumba za Kiswahili, ukumbi mmoja na ua mmoja pamoja na Waislamu. Mfuko wa supamaketi unapita mbele ya mlango wa jirani. Paulo aliwaambia Warumi, katika sura ya 14, kwamba yafaa kuacha hata nyama na divai kama vinamkwaza ndugu. Bwana anayepita uani akigonganisha chupa mwezi wa Ramadhani, na kusema, “Hii ni dini yangu,” amechanganya uhuru na kiburi. Na mara nyingi anayelipa deni la kiburi hicho ni mkewe, ambaye kesho atakutana na majirani wale bombani. Kabla ya kununua, muulize yeye anayeishi na matokeo.

Kwa bibi anayehesabu chupa

Sasa neno kwa upande wa pili. Wako wake, na wako waume pia, ambao hawanywi na wamegeuza kutokunywa kwao kuwa fimbo. Bwana amenunua chupa mbili, kwa makubaliano, baada ya karo na chakula. Kila anapofungua moja, anahesabiwa kwa sauti mbele ya watoto. Ndugu, hiyo nayo si haki. Mkikubaliana mbili, ziwe mbili, na azinywe kwa amani. Anayenyimwa furaha halali mbele ya macho ya mwenzake hujifunza kuitafuta nyuma ya mgongo wake. Na siri ya mtungi, kama tujuavyo, aijuaye ni kata.

Lakini ikiwa chupa mbili zimekuwa nne, na nne zimekuwa nane, na mkono unatetemeka asubuhi, au unapigwa, hapo hatuzungumzii tena kikapu. Hayo ni maradhi na hatari. Usiyafiche kwa ajili ya heshima ya nyumba. Nenda kwa padre, kwa wazee wa Jumuiya, kwa daktari. Na ukipigwa, kwa polisi pia. Uvumilivu wa Kikristo haukuagizi ufe kimyakimya.

Neno lililosemwa

Mtakatifu Agustino anatueleza katika Maungamo yake habari ya mama yake, Mtakatifu Monika. Alipokuwa msichana, wazazi wake walikuwa wakimtuma kuchota divai kutoka kwenye pipa. Alianza kwa kuonja kwa ncha ya midomo tu, kwa utundu. Kila siku akaongeza kidogo, mpaka akawa anakunywa vikombe karibu vijae. Angalieni: haikuwa baa. Ilikuwa nyumba ya Kikristo, nyumba njema, kazi ya kawaida ya nyumbani. Wala hakuna aliyejua, isipokuwa mjakazi aliyekwenda naye pipani. Siku moja wakagombana, na mjakazi akamwita mlevi. Monika akaona aibu, akaacha tangu siku hiyo.

Neno lile lilikuwa tusi, na bado liliponya, kwa sababu lilitamkwa. Ninyi mlio na kiapo cha kupendana mnaweza kulisema bila tusi. Basi jaribuni hivi mwezi ujao. Kaeni wawili nyumbani kabla ya kwenda supamaketi, watoto wakiwa wamelala. Andikeni chakula kwanza, kisha karo na kodi, kisha kidogo kwa ajili ya maskini na kanisa. Kinachobaki, kila mmoja ataje furaha moja anayoitaka: bwana aseme bia ngapi, bibi aseme anachokitaka yeye. Mkiona mnaweza, nunueni zote mbili bila kunung'unika. Mkiona hamwezi, zipunguzeni zote mbili kwa kipimo kimoja. Na mkirudi, risiti iwekwe mezani ambapo wote wawili mnaiona.

Katika sura ya 31 ya kitabu cha Methali, mama mmoja anamwonya mwanawe mfalme asinywe akasahau haki za wanyonge. Katika sura hiyohiyo anasifiwa mke mwema aletaye chakula chake kutoka mbali, kama merikebu za biashara. Sisi tunaozitazama meli zikipita Likoni kila siku tunaelewa: mzigo wa meli huandikwa wote, na kila kitu kina mwenyewe. Mzigo wa nyumba nao uandikwe, na mwenyewe awe mmoja, yaani ninyi wawili.

Maswali ya kujibizana ninyi wawili:

1. Ni kitu gani hununuliwa kwetu bila kutajwa, na kwa nini hakitajwi?
2. Bei zilipopanda mwisho, tulipunguza nini kwanza? Nani aliamua?
3. Ni lini nilipangusa mdomo kabla ya kuingia nyumbani?

Jibuni polepole, bila kelele, na anayeulizwa apewe nafasi ya kumaliza. Mungu aibariki meza yenu.